Mkoromo wa Papa Mbele ya Daktari

Tangu Papa awekewe kijibomba cha kufungua mshipa wa moyo, alikuwa anaamka amechoka kama vile amelala akibeba maboksi ya kazini kwake, ghalani Okolona, hapa Marekani. Presha nayo ilikataa kushuka. Daktari akauliza kama anakoroma. Mimi ndiye mkalimani wa familia, kwa hiyo nikatafsiri.

"Miye? Nalalaka kama mtoto," Papa akasema.

Mama akatazama viatu vyake. Kwetu mke hamwaibishi mumewe mbele ya mgeni. "Anapumuaka tu na nguvu."

Bon, mimi heshima hiyo sina. Nilikuwa nimemrekodi Papa kwenye kochi baada ya ibada, nikawatumia binamu zangu wa Columbus na Buffalo wacheke. Nikabonyeza simu. Chumba kikanguruma. Halafu kimya kirefu. Halafu Papa akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Daktari akaacha kutabasamu. Alisema huenda pumzi ya Papa inakatika usingizini, na kila inapokatika, moyo uliotoka kutibiwa unalazimishwa kufanya kazi ngumu. Atapimwa akiwa amelala. Ikithibitika, kuna mashine ya kumsukumia hewa kupitia barakoa.

Nikatafsiri yote huku nikisubiri kofi. Papa akanyoosha mkono. "Leta simu."

Nilidhani anataka kuifuta ile sauti. Akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Bon," akasema. "Huyo muzee mumupatie mashine."