Nani Anang'oa Vitofali Vyetu?

Asubuhi ya nne ya ujenzi ndipo nilipoanza kuamini vitofali vinatembea.

Naomba mnielewe. Mimi si mtu wa mambo ya ajabu. Natunza stoo ya hospitali, kazi yangu ni kuhesabu. Na jioni iliyotangulia nilikuwa nimehesabu mistari hamsini ya vitofali, kutoka getini kuja barazani.

Kumekucha, ipo arobaini na minane.

Fundi alikuwa amesimama pale na nyundo yake ya mpira, ametulia kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

"Bosi, mistari miwili imeondoka."

"Imeondoka kwenda wapi?"

Akakuna kidevu. "Hilo halijasemwa."

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Njia ya gari kwetu ilikuwa udongo mtupu. Mvua ikinyesha tu, gari linazama mpaka tumboni. Siku moja mke wangu alivuka lile tope na viatu mkononi akienda kazini. Alipofika getini akageuka, akaniambia neno moja.

"Fundi."

Ndoa ina lugha yake. Nikatafuta fundi.

Niliyempata watu wanamwita Taratibu. Mzee wa miaka sitini na kitu, aliyefiwa na mkewe siku nyingi. Kila kitofali alikigeuza pande zote kabla ya kukilaza, kama mtu anayechagua mchumba. Akaniahidi siku sita.

Ndani tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na mama yangu mzazi, mwalimu mkuu mstaafu. Baba alipofariki tulimchukua mama tukae naye. Sisi tunatoka alfajiri, tunarudi jioni hoi bin taabani, tunamkuta sebuleni na redio yake.

Tunamsalimu, anaitikia, tunakula, tunalala. Nikajiona mtoto mwema kabisa.

Sasa, hivyo vitofali.

Cha ajabu, havikuwa vimeibiwa. Vyote thelathini, kumi na tano kila mstari, tulivikuta kando ya ukuta, vimepangwa kumi kumi, vimenyooka utadhani wanafunzi mstarini. Tena vimefutwa vumbi.

Mwizi gani anang'oa halafu anakufanyia usafi?

Fundi akavirudishia. Vitofali thelathini, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Jina halikukosea.

Kesho yake, mistari miwili tena nje. Keshokutwa yake, vilevile.

Jirani yetu, askari mstaafu tunayemwita Afande, akajitolea kufanya uchunguzi. Alipima nyayo zote uani kwa rula. Akapata za fundi, za watu wa nyumbani na za kuku.

"Kuku hana nguvu hizo," akasema, baada ya kufikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mama naye akaitisha kikao. Alisimama mbele ya kabati la vyombo, akatugawia karatasi, kila mtu aandike anachojua. Tukaandika. Akakusanya, akasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Nilipata kumi na moja kwa ishirini. Maelezo hayajitoshelezi, mwandiko wa kuku.

Fundi alipata kumi na tisa.

"Mama, huu ni uchunguzi au mtihani?"

"Kaa chini, sijakuruhusu kuongea."

Siku ya kumi na mbili uzalendo ukanishinda. Nilimkuta fundi barazani anakunywa chai na mama, nikamwashia moto palepale.

"Fundi, kazi imekushinda au unatufanya wajinga? Kesho, Jumamosi, naleta watu wenye mashine. Kusanya vifaa vyako."

Fundi akatazama ndani ya kikombe chake. Hakujitetea hata kidogo, na hilo likanizidishia hasira.

Mama akauliza polepole, "Kesho hii?"

"Kesho hii hii."

Jioni ile mama hakugusa chakula.

Jumamosi, kabla hakujapambazuka vizuri, nikajibanza ndani ya banda la kuku. Nilitaka nimkamate mhusika kwa mikono yangu kabla ya watu wa mashine kufika. Kuku walinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama.

Kitenge kiunoni, glavu za kuoshea vyombo, kisu cha mkate mkononi, mto wa sofa kwapani. Akaweka mto chini, akapiga magoti juu yake, akachomeka kisu. Kitofali kikatoka kama jino la utotoni. Akakifuta, akakipeleka ukutani. Akarudi kwa kingine.

Na alikuwa anaimba. Chinichini, lakini anaimba. Tangu tumzike baba sikuwa nimesikia sauti ile.

Nikatoka bandani na manyoya kichwani.

"Mama."

Hakushtuka. Mwalimu mkuu hashtuki.

"Unafanya nini kwenye banda saa hizi?"

"Mama, mimi ndiye wa kuuliza."

Akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Wewe ulitaka njia ya gari, mwanangu. Mimi nilitaka mtu wa kuongea naye mchana. Njia ikiisha, naye anaondoka. Nikaona isiishe."

Nikachutama mbele yake.

"Mwaka na nusu nakaa na redio," akasema. "Redio haikuulizi umelalaje."

Nikampa mkono, akainuka. Kisha nikaingia ndani nikapiga simu, watu wa mashine wasije.

Saa mbili fundi akafika kuchukua vifaa vyake. Nikamvuta pembeni, aibu imenijaa mpaka masikioni.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimemjua anayeng'oa."

"Mama mwalimu," akasema.

"Ulijua?"

"Tangu asubuhi ile ya kwanza. Nani mwingine angepanga kumi kumi?"

"Sasa mbona ulinyamaza mpaka nikakutukana mbele yake?"

Akaangalia kulia na kushoto, akashusha sauti.

"Bosi, ile mistari miwili sijawahi kuishindilia. Ningeishindilia, angeumia mgongo."

Nikakaa chini. Juu ya mchanga, na suruali yangu safi.

Siku ile aliimaliza njia yote kwa muda wa saa mbili. Imenyooka, haina hata wimbi. Huyo ndiye Taratibu.

Jumamosi iliyofuata akarudi, shati limepigwa pasi, mikono mitupu.

"Nimekuja kukagua kazi," akamwambia mama.

Akakagua tangu saa nne asubuhi mpaka jua linazama. Njia yenyewe hakuitupia jicho.

Ukaguzi huo sasa una mwezi wa tano. Juzi aliniweka chini, akakohoa, akaniomba ruhusa ya kumuoa mama. Nikamwambia ruhusa hiyo anayo mama mwenyewe. Akasema mama alishampa, ila amemtuma kwangu nami nisijione nimeachwa nje.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Ndugu msomaji, kitu kikiharibika kwako kila siku bila sababu, usikimbilie kumtafuta adui. Omba ruhusa kazini, ushinde nyumbani kutwa moja. Uone huyo unayemwacha pale anaishije mchana wake.