Jina la Susu Kule Ngomeni

Mimi sikusoma sana. Nilitolewa shule darasa la tatu nichunge mbuzi, kwa hivyo ninavyosema ndivyo ninavyoandika. Ninataka kusema habari ya ile ngome ya mawe iliyobomoka juu ya kilima chetu, ile iliyojengwa na wazungu wa kwanza kufika huku, na habari ya jina langu.

Jina langu ni la susu, mama yake baba. Kwetu Ukambani jina halichaguliwi kwa sababu ni tamu. Mtoto hupewa jina la mtu, na tangu siku hiyo yeye ndiye mtu huyo. Baba yangu aliniita "mwaitu", yaani mama yetu, hata siku za kunichapa. Mke wa mwanangu wa kwanza alipopata mimba, kila mtu alijua: akizaliwa msichana, atachukua jina langu. Wala si langu, ni la susu.

Susu nilimjua. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni, na nyuma ya miguu yake vidole vyangu vilipita juu ya makovu marefu. Ni yeye aliyeniambia yalitoka wapi. Askari wa ngome walitaka ng'ombe, na watu walikuwa wamewaficha nyuma ya majabali. Wakamkamata yeye, msichana aliyekuwa akirudi na kibuyu cha maji, wakamwambia awaonyeshe njia. Akawashusha mtoni. Anayejua mto wetu wakati wa kiangazi anajua ule mchanga unavyomeza mguu. Akawatembeza humo jua la utosi, kona hii, kona ile, mpaka wenye viatu wakakaa chini. Hawakuona hata kwato. Jioni walimchapa mpaka akashindwa kusimama.

Ndugu yangu alizaliwa susu ameshazikwa. Alipoanza kutembeza wageni kule ngomeni, alikuja kwangu na daftari, akanikuta ninapukuchua mbaazi.

"Dada, niambie yote. Ni wewe tu umebaki."

Nilimwambia siku mbili nzima. Sikumficha hata mwiba uliomchoma susu njiani.

Miezi kadhaa baadaye akina mama wa kanisa walipanga kwenda kuona ngome. Nilikwenda kwa furaha. Mke wa mwanangu alikuja pia, tumbo limeshaonekana, anapanda polepole akinishika mkono. Juu kule hakuna kikubwa: kuta zinazofika kifuani, mlango bila mlango, na pelele, wale wanyama wadogo kama sungura, juu ya mawe wakiota jua. Ndugu yangu alisimama kwenye kizingiti, shati limepigwa pasi, akaanza.

Alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kibuyu kilikuwepo, mwiba ulikuwepo, na jua la utosi. Nilikuwa natingisha kichwa kama mwalimu. Halafu akasema msichana yule alipopewa shanga, aliwapeleka askari moja kwa moja hadi majabalini, ng'ombe wote wakachukuliwa, na ndiyo maana ukoo mzima ulilala njaa. Akamtaja jina.

Akina mama wote waligeuka wakaniangalia.

"Kumbe tumepanda na mwenyewe!" mmoja akasema. Mwingine akapiga makofi: "Mama, turudishie ng'ombe wetu! Hata ndama mmoja tu!" Wakacheka. Walikuwa wanatania, najua, hata mimi huwatania. Lakini mkono wa mke wa mwanangu ulitoka mkononi mwangu.

Nikasema kwa sauti, "Huo ni uongo. Aliwapoteza. Makovu nimeyashika mimi."

Ndugu yangu alitabasamu kwa wageni. "Wazee wetu wanapenda sana watu wao," akasema. "Makovu yanaweza kuwa ya miiba."

Nilimngoja mpaka watu wakaanza kushuka. Nikamuuliza nani alimwambia habari ya shanga.

"Dada, usikasirike. Hiyo yako ni ya mwanamke aliyetembea akachapwa. Nikiisema, watu wanaangalia simu. Nikisema alisaliti, wote wananyamaza."

"Kwa hivyo ulimuuza susu ili watu wanyamaze?"

"Amekufa, dada. Haumii."

"Mimi niko na jina lake. Naumia."

Akasema atafikiria. Nilirudi kwake mara mbili. Mara ya pili alinitolea chai, akaongea habari ya mvua mpaka nikainuka.

Nyumbani, tukiosha sufuria, mke wa mwanangu aliniuliza bila kuniangalia, "Mama, ni lazima liwe hilo jina?" Nikamsimulia yote kama nilivyoyasikia. Alisikiza mpaka mwisho.

"Nakuamini, mama," akasema. "Lakini watoto wa shule wanapelekwa kule. Siku moja huyu wa tumboni atasimama hapo na wenzake, alisikie jina lake. Wewe hutakuwepo kumjibu."

Nikaendelea kusugua sufuria ile ile.

Alizaliwa msichana. Mwanangu ndiye aliyepewa kazi ya kuniambia. Alizunguka kama mtu anayetafuta kiti, halafu akasema wamempa jina la mama mzazi wa mke wake. Nikasema sawa. Nikamchukua mtoto nikamwita kwa jina hilo, kwa sababu yeye hana kosa.

Wiki hiyo ndugu yangu alikuja kumwona, amebeba unga na sukari, anaita tangu kwenye ua:

"Haya, susu wetu mdogo yuko wapi? Nileteeni susu!"

Nikamwambia, "Hayuko. Ulimwacha kule juu na askari."

Alicheka. Halafu akaona hakuna mwingine anayecheka, akaweka unga chini.