Ng'osa, Jina la Kuazima

Ngalula hakuwa mwanamke wa ugomvi. Ukimpunja sokoni alinyamaza, ukimpita kwenye foleni ya maji alisogea kando. Lakini ukimkosea jina la binti yake, hata kama wewe ni padri, alikusimamisha papo hapo, akaweka mkono kiunoni, akakuambia useme tena. Na ulisema tena. Majirani walimtania kwamba siku aliyojifungua alizaa mapacha, mtoto na ualimu.

Jina lenyewe lilikuwa Ng'osa. Kwa Mbemba, mwenye jina, si gumu, wala kwa Mswahili anayejua kumwita ng'ombe. Lakini Ngalula na mumewe Casimir walikuwa Waluba wa Kasai, na Mluba wa Kasai akiona N na g zimekaa pamoja huzitamka kwa uzito wake wote, kama katika jina la Ngalula mwenyewe. Ng ya Ngalula inagonga kooni. Ng' ya Ng'osa inabaki puani, haigongi kitu. Katika karatasi za Wabelgiji zote mbili ziliandikwa sawasawa, na mtu angeweza kuzeeka bila kujali tofauti hiyo. Mwaka 1961, tofauti hiyo ilikuwa uhai wa mtu.

Mji siku hizo uliitwa Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, ikawa na bendera yake na pesa yake, na Wakasai, ambao baba zao waliletwa na reli na migodi, wakaambiwa ghafla kwamba ni wageni. Ngalula aliletwa na treni kutoka Luluabourg akiwa bibi harusi, cherehani yake imefungwa ndani ya blanketi. Alishonea nusu ya mtaa wake wa Katuba. Nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa mbao, aliishi Ng'osa, mjane wa Kibemba aliyeuza samaki wa kukauka kutoka Kasenga. Mwanawe wa pekee, Mutale, alikuwa mgodini Kipushi. Wanawake hawa wawili hawakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Walikuwa majirani tu, wakiazimana chumvi na kugombana juu ya kuku.

Mwezi wa nane, vijana wenye fimbo na minyororo ya baiskeli walianza kuingia katika nyumba za Wakasai. Watu wakakimbilia kambini nje ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Casimir, karani wa duka la vitambaa, alimpeleka kwanza mama yake mzazi, Kapinga, pamoja na godoro na sufuria, ili ajenge kibanda kisha arudi jioni kumchukua mkewe, ambaye mimba yake ilikuwa kubwa. Jioni hakurudi, kwa sababu vijana wale walikuwa wamefunga njia kwa vizuizi. Ng'osa ndiye aliyeng'oa ubao mmoja wa ua, akamvuta Ngalula hadi jikoni kwake, akamkalisha nyuma ya magunia ya samaki. Kesho yake nyumba ya Ngalula ilivunjwa. Kupitia ufa wa mlango aliona cherehani yake ikiondoka kichwani mwa mtu ambaye shati alilovaa alilishona Ngalula mwenyewe.

Alikaa jikoni mle siku kadhaa, hata nywele zake zikanuka samaki. Kisha watoto wa jirani wakaanza kuuliza kwa nini Mama Mutale anapika bukari, yaani ugali, ya watu wawili, na Ng'osa akaona maji yamefika shingoni.

"Utaenda ku kambi muchana," alimwambia. "Utavaa kikwembe yangu, utabeba kitunga yangu ya samaki, sawa unaenda kuuzisha. Bakikuuliza jina, utasema yangu. Bale bana ba ku barière banasikiaka tu Ng'osa wa samaki. Sura yangu habayijue."

"Na weye?"

"Miye nitabakia mu nyumba. Ba Ng'osa babili habawezi kupita njia moja. Sasa sema."

"Ngosa," akasema Ngalula.

"Hapana. Ile unapasula kuni. Sema ng'ombe."

"Ngombe."

Ng'osa alishika kichwa. "Hata ngombe yako iko Mukasai."

Walicheka mpaka wakajiziba midomo kwa vikwembe, kwani ua nao una masikio. Lakini lilikuwa jambo la kucheka upande mmoja na la kulia upande wa pili. Siku nzima Ngalula alijaribu, akisonga bukari, akichagua maharage, na kila mara ile g ya kwao ilimtoroka na kugonga. Ng'osa alimbana pua, akamshika koo, akamwambia sauti ianzie hapa isishuke pale, lakini wapi. Ulimi hauna mfupa, lakini una kwao. Alasiri Ngalula alichoka, akainama kuokota mwiko, mgongo ukamkata, akaguna kama wanavyoguna wenye mimba.

"Njo ile, ile kabisa," akasema Ng'osa haraka. "Ile ya kuguna. Iache mu pua vile, ongeza osa."

"Ng'osa," akasema Ngalula. Wakatazamana. Hakuna aliyecheka tena.

Kwenye kizuizi walikuwa vijana watatu, na mmoja wao, mwenye kofia ya askari ingawa hakuwa askari, alimuuliza jina lake ni nani.

"Ng'osa."

"Rudilia."

Hapo ndipo Ngalula aliposikia jina lake la kweli likimpanda kooni na g yake yote, tayari kutoka lenyewe. Mtoto akampiga teke la ubavuni. Akaguna, na juu ya mguno huo akaliweka jina: "Ng'osa. Ng'osa wa samaki." Yule kijana akachagua samaki wakubwa kitungani, akampungia mkono apite. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Jina la kuazima lilimsitiri Ngalula, yeye na kilichokuwa tumboni.

Kambini alimkuta Casimir na uso uliovimba, maana alijaribu kurudi Katuba na wakamrudisha kwa fimbo. Mvua za kwanza ziliponyesha, ndani ya kibanda cha nyasi na makaratasi, akazaliwa mtoto wa kike. Kapinga alimpokea kwa mikono yake mwenyewe, akamwosha, akamwinua, akamwita "majina yangu". Huko kwao anayebeba jina lako unamwita majina, na unampenda kana kwamba umezaliwa upya. Binti wa kwanza wa Casimir alikuwa haki ya mama wa Casimir. Hilo halikuwa na mjadala, na kwa kweli Kapinga hakuwa na kosa lolote kungoja jina lake.

"Mama, unisamehe," akasema Ngalula. "Huyu ni Ng'osa."

Kapinga alimtazama kana kwamba homa ya uzazi imempanda kichwani. "Bale banatufukuza mu manyumba, njo unaita mutoto jina yabo?"

"Haiko jina yabo, Mama. Iko jina ya muntu moja."

"Jina haikuje peke yake. Ukiingiza jina ya Mubemba mu jamaa, unaingiza na mwenyewe."

"Njo vile ninataka," akasema Ngalula. "Aingie."

Casimir, masikini, alikaa katikati ya mama na mke, mahali ambapo hata mwanamume hodari hutamani kuitwa nje. Alitazama paa lililovuja, akatazama mtoto. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mama, bila ile jina, hatungekuwa na mutoto hata wa kuita Kapinga." Kapinga akageuza uso. Tangu siku ile alimwosha mtoto, alimbeba, alimtafunia chakula, lakini hakumwita jina. Alimwita "mutoto" tu, na lile neno lilimchoma Ngalula kila lilipotamkwa.

Siku ya ubatizo padri, Mbelgiji mzee, alijaribu mara mbili: Engosa, Nigosa. Ngalula akaweka mkono kiunoni. Aliyemwokoa padri alikuwa katekista wa kambi, Adalbert, mtu wa Katanga ya kaskazini aliyejifunza kusoma katika vitabu vya Kiswahili vya Mapadri Weupe.

"Mama, ile sauti iko na alama yake," alisema. Akachukua kipande cha makaa, akamwandikia kiganjani: N, g, halafu juu kidogo, kialama kimoja kidogo. "Hii njo inakataza g kugonga."

Ngalula alikitazama sana kile kialama. Alifurahi hata akaona haya. Kwamba kulikuwa na watu waliowahi kuisikia sauti ile na kuijali kiasi cha kuitengenezea alama yake, hilo lilimpa nguvu kuliko mahubiri. Mtoto akaandikwa Honorine Ng'osa. Tusiseme uongo, kialama hakikusaidia sana. Wengine walidhani ni uchafu wa nzi. Muuguzi wa ONU aliita Nosa, majirani wa kambi waliita Ngosa, mzee mmoja wa Kabinda akaamua liwe Angosa na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Ngalula aliwasahihisha wote, wala hakuchoka, kwa sababu kila jina lilipotoka sawa aliona ametuma shukrani moja zaidi kule Katuba. Hakujua kama kulikuwa na mtu wa kuipokea. Hilo ndilo lililomnyima raha. Aliyemwazima jina alibaki nyuma bila jina, na vijana wale walikuwa na kumbukumbu. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kumweka mtoto mbele ya Ng'osa na kulitamka lile jina, sawasawa, usoni pake.

Mwaka uliofuata wengi walipandishwa treni kurudi Kasai. Casimir alisita, akasubiri, na mwanzoni mwa 1963 kujitenga kukaisha. Bwana wake wa zamani akamwita tena dukani, wakapanga chumba Katuba, mtaa mwingine. Jumapili ya kwanza Ngalula alimvika mtoto gauni aliloshona kwa mkono. Kapinga akasema naye anakuja, "kubeba mutoto tu".

Wakauliza njiani kama bado anaishi palepale. Ng'osa wa samaki? Wanawake wa sokoni, wengi wao wapya, walitikisa vichwa, hawakumjua mtu wa jina hilo. Mmoja akafikiri, akasema, "Labda munatafuta Mama Mutale, wa matomati. Mbele alikuwa anauzisha samaki." Nyumba ilikuwa ileile, na ule ubao wa ua ulikuwa umepigiliwa upya. Mwanamke aliyetoka alikuwa amekonda, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. Alimtambua Ngalula mara moja, akamshika mikono yote miwili, wakakaa chini kivulini mwa ukuta.

"Ng'osa wa samaki aliingia ku kambi na mimba, hakutoka," alieleza, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Bale bana ba ku barière balimuona. Sasa miye nitoke tena, niseme niko Ng'osa? Wa ngapi? Niliacha samaki, niliacha ile jina. Bantu bananiita Mama Mutale. Na Mutale mwenyewe iko Kipushi. Hata miye nilianza kuisahabu."

Alisema bila uchungu, akichambua majani ya mboga mapajani mwake. Ngalula alikuwa na maneno aliyoyaandaa tangu kambini, na neno la kwanza lilikuwa jina. Alifungua kinywa. Akaguna tu, akajifunika uso kwa kikwembe, na mtoto kwa kuona mama yake analia akajificha nyuma ya bibi yake.

Kapinga akashuka, goti moja kisha la pili, taratibu kama wazee wanavyoshuka, mpaka akafika chini mbele ya mwanamke aliyeweza kuwa binti yake. Akapiga makofi ya heshima.

"Ngosa," akasema.

Alisema kwa nguvu, kwa g nzito ya Kasai nzima, ndani ya kiwanja cha Katuba, mchana kweupe, lango likiwa wazi. Ngalula alishtuka, akainua uso na kutazama barabarani kabla hajajijua. Mwanamume mmoja alikuwa anapita na baiskeli amebeba mkaa. Aliangalia ndani, akawaamkia yambo, akaenda zake.

"Ngosa, mwana wangu," akasema Kapinga tena, "majina yako njo huyu. Tunakuletea. Aksanti."

Akamvuta mtoto kutoka nyuma yake, akamsukuma mbele kwa upole. "Enda, Ngosa," akamwambia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita.

Yule mwanamke aliweka mboga chini. Akaitika kama Mbemba anavyomwitika mkubwa wake anapoitwa.

"Mukwai, Mama," akasema. "Niko hapa."