Siku Nne za Sehemu ya Pili

Ujumbe uliingia Jumatatu mchana, nikiwa nimepindua baiskeli ya mteja na mikono yangu imejaa grisi. Niliufungua kwa kifundo cha kidole, nikausoma nimeinama juu ya simu. Ulisema mdogo wangu wa kike amepata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Mbeya. Ulitoa namba ya siri ya kufungulia fomu. Ulisema asipothibitisha kabla ya Ijumaa saa sita mchana, nafasi atapewa mwingine. Ulikuja kwangu kwa sababu alipokuwa anaomba, simu yake ilikuwa kwa fundi, akaandika namba ya simu yangu ya kitochi.

Nilifuta mikono, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya boksi la vifaa, nikaendelea kukaza spoki za gurudumu. Nilikaza mno. Mteja alipokuja kuchukua baiskeli, gurudumu lilikuwa linayumba kama mlevi, ikabidi nianze upya.

Saa nane mdogo wangu alirudi kutoka steshenari, mahali alipokuwa anachapa barua za watu tangu amalize kidato cha nne. Kabla hajavua viatu aliniuliza kama alivyoniuliza kila siku mwezi ule wote.

"Kaka, hakuna ujumbe?"

"Hakuna," nilisema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka nikaogopa kulirudisha.

Nieleze nilichokuwa naogopa. Baba yetu aliondoka nyumbani kwetu Mtendeni asubuhi moja na begi dogo, akapanda lori la tumbaku kuelekea Sikonge, akasema anarudi Jumamosi. Lori lilipinduka. Mama aliondoka miaka mitatu baadaye, na begi lile lile tulilorudishiwa, kwenda kulazwa siku mbili tu, naye hakurudi. Nilikuwa kidato cha pili. Kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga, baba zetu wadogo walitugawa: mdogo wangu aende Urambo, kitinda mimba wetu aende Ipole, mimi nirudi shule. Nilisimama mbele ya watu wazima nikasema hakuna anayekwenda popote. Sikurudi shule. Nilikaa chini ya fundi mmoja wa baiskeli nikajifunza kuziba pancha. Miaka tisa ilipita, watatu tukiwa ndani ya vyumba viwili, na usiku sikulala mpaka nisikie pumzi mbili ng'ambo ya ukuta. Tangu begi lile, mtu yeyote wa nyumba yetu akishika begi, namuuliza anarudi lini kabla hajafika mlangoni.

Hilo ndilo lililokuwa chini ya neno langu. Mchana ule ule wadogo zangu wakaanza kucheza sehemu ya pili ya gemu lao.

Mwenye steshenari alikuwa amempa mdogo wangu kompyuta yake ya zamani, nzito, inayopata moto kama pasi. Mwaka uliotangulia walikuwa wamechezea humo gemu moja la hadithi na mafumbo, na hata mimi nililipenda, mimi ambaye Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Kaka na dada wamo katika mji ambao watu wake wote wametoweka. Ukungu unatanda barabarani. Wewe unakuwa kaka. Unashikilia kitufe ili kumshika dada mkono, na ukikiachia muda mrefu, ukungu unammeza. Njiani kuna makufuli, mizani na taa za kupanga. Mdogo wangu alikuwa anafumbua mafumbo, kitinda mimba anashikilia kitufe, nami nasimama nyuma yao na tyubu mkononi. Nilimwelewa yule kaka bila kutafsiriwa.

Sehemu ya pili alipewa na rafiki yake kwenye flashi. Safari hii wewe ni dada. Umekua kidogo. Kaka yuko mbele yako ukunguni, humwoni, unasikia sauti yake tu.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kundi la simu la wachezaji, watu wa Mwanza, Kigoma na Dar es Salaam wasiojuana. Jumanne alikaa barazani akawa ananisomea maoni yao nikiwa kazini. Siku hiyo alikuwepo mteja mmoja, mzee mrina asali kutoka Ipole, aliyekuwa anasubiri tairi lake la nyuma.

"Huyu anasema, wakuu, sehemu ya pili ni ya hovyo, mafumbo laini kama uji wa mtoto," alisoma. "Mwingine anamjibu, wewe ulikwama kwenye fumbo la taa siku mbili ukatuomba msaada, leo umekuwa uji?"

Kitinda mimba alicheka. Mzee akauliza hao watoto wa kwenye kompyuta wanatembea kwa miguu mpaka lini, kwani hawana baiskeli?

"Hawana, babu."

"Basi wamletee huyu kaka yenu pesa awatafutie moja."

Mdogo wangu aliendelea kusoma, na hapo nikaacha kusugua tyubu. Wachezaji waliofika mbali walikuwa wameona maandishi ukutani. Maandishi yalionyesha kwamba kaka mtu aliijua njia ya kutoka mjini tangu siku ya kwanza. Alimzungusha dada yake makusudi, mtaa kwa mtaa, akimshika mkono.

"Wanagombana," alisema. "Huyu anasema wameiharibu sehemu ya kwanza, wamemfanya kaka mtu mwongo. Huyu anasema kaka alikuwa anamlinda. Anajibiwa, kumlinda gani huko? Huko ni kumfungia."

"Wewe unasemaje?" nilimuuliza. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nilishangaa ilivyokuwa ya kawaida.

"Sijafika huko. Nikifika nitasema."

Mzee alisema kaka wa namna hiyo ni wa kuchapwa viboko, akalipa, akaondoka zake. Nilibaki nimeshika pampu. Nilijisikia kama mtu aliyetajwa mbele ya kanisa zima na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

Usiku ule niliuficha ujumbe. Yaani niliutoa mahali pa ujumbe mpya nikauweka kati ya matangazo ya vocha. Kuufuta nilishindwa. Nilifika mpaka kwenye swali la mwisho, simu inauliza kama nina hakika, nikabonyeza hapana.

Jumatano mchana walifika kwenye chumba cha mwisho cha gemu. Nilikuwa mlangoni. Skrini yote ilikuwa ukungu, na ndani ya ukungu sauti ya kaka ikamwita dada kwa jina lake. Mara moja. Chini kitufe kikawakawaka, kumwambia mchezaji abonyeze aitike.

Mdogo wangu aliinua mikono yote miwili juu ya kompyuta.

"Usiitike," alinong'ona kitinda mimba.

Nyumbani kwetu mtu haitiki wito wa kwanza kama hamwoni anayemwita. Bibi mzaa mama ndiye aliyetufundisha. Alisema zamani, misafara ya watumwa ya kwenda Ujiji na kurudi pwani ilipopita huku, watu waliokimbilia porini waliitwa kwa majina yao na ndugu zao waliokwisha kukamatwa. Aliyeitika alifungwa. Kama ilikuwa hivyo kweli sijui, lakini baada ya mama kufa niliishika sheria hiyo kuliko bibi mwenyewe. Niliwachapa kwayo. Waliitwa na jirani kutoka nyuma ya ukuta, wakaitika, nikawachapa. Wakazoea kukaa kimya.

Kwa hiyo walikaa kimya. Kitufe kikawakawaka, kikafifia, kikazimika. Sauti haikuita tena. Tulidhani kompyuta imeganda. Kitinda mimba aliipapasa kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kisha tukasikia hatua, na kaka mtu akatoka ukunguni peke yake. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikaa chini mbele ya dada yake akaanza kusema, na mdogo wangu akawa anatafsiri kidogo kidogo.

"Anasema kulikuwa na mlango. Anasema aliujua. Anasema aliogopa... aliogopa dada akitoka, yeye atabaki mjini peke yake." Alinyamaza kusikiliza. "Anasema mlango umeshazibwa na ukungu sasa. Haupo tena."

Kitinda mimba alianza kulia. Mimi nilitoka nikaenda uani, nikasimama karibu na karo.

Alhamisi kundi zima lilimgeukia mdogo wangu. Hakuna aliyekuwa ameuona mwisho huo. Wote walikuwa wamebonyeza: ukiitika, unapewa nafasi ya kumfuata kaka au kumkatalia, basi. Walimwambia ameota. Walimwambia atume video, na kompyuta yetu haiwezi hata kucheza wimbo huku imefungua barua. Alikuwa anajibu kwa hasira, vidole vinapiga kioo. Mpaka alasiri mchezaji mmoja wa Kigoma akaandika kwamba amejaribu, ameacha bila kuitika, na ni kweli. Kisha akauliza: dada, ulijuaje kusubiri?

Mdogo wangu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kaka, njoo usome. Fimbo zako zimetushindia gemu."

Nilikuja. Sikusoma. Nilikaa kwenye ndoo niliyoigeuza juu chini, nikamuuliza swali nililolibeba tangu Jumanne.

"Sasa umefika. Unasemaje juu ya yule kaka?"

Alifikiri. Ana tabia ya kung'ata ukucha wa kidole gumba akifikiri.

"Kuogopa simlaumu," alisema. "Hata mimi ningeogopa. Ila aliniudhi kusema mlango ukiwa umeshafungwa. Sasa dada afanye nini na ukweli huo? Angesema ungali wazi, hata kama ni saa moja tu imebaki, ningemsamehe."

Nilijua kwamba nikiinuka pale bila kusema, sitasema kamwe, na Ijumaa saa sita itapita kama saa sita nyingine yoyote, nami nitakuwa na ndugu zangu wote wawili ndani ya nyumba maisha yangu yote nikiwaogopa. Nilichukua kitochi mfukoni. Sikuupata ujumbe upesi, nikapita vocha baada ya vocha. Nilipoupata nikampa simu.

"Ulikuja lini?" aliuliza baada ya kusoma.

"Jumatatu."

"Jumatatu nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na jana."

"Na jana."

Kitinda mimba alitutazama kwa zamu, kisha akaingia ndani akafunga mlango taratibu. Mdogo wangu alijaribu kuifungua fomu kwenye simu yake. Ilizunguka ikagoma. Akajaribu mara nne, tano, mpaka bando likaisha. Steshenari ilikuwa imeshafungwa. Usiku hatukula, wala hakuna aliyesema kwamba hatujala.

Ijumaa saa moja na nusu tulikuwa mlangoni pa steshenari, nimempakia kwenye baiskeli, hakunishika kiunoni bali alishika chuma cha kiti. Mwenye duka alifungua, akabonyeza swichi, hakuna umeme. Mtaa mzima hakukuwa na umeme. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Nilisimama nje nikitazama waya juu ya nguzo kana kwamba ningeuona ukija. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya lori, kwa sababu habari ya lori ilitufikia ikiwa imekwisha, na hii ilikuwa inatokea mbele yangu na niliyeifanya ni mimi.

Umeme ulirudi saa nne na robo. Feni ilianza kuzunguka ndipo nikajua. Niliingia nikasimama nyuma ya kiti chake, mahali pale pale ninaposimama wakicheza, ila safari hii sikuthubutu kusogea karibu. Aliingiza namba ya siri. Fomu ikafunguka. Alibonyeza kukubali nafasi, na maandishi ya kijani yakatokea kwamba imepokelewa. Kisha akarudi juu ya ukurasa, kwenye sehemu ya mawasiliano ya mwanafunzi, akafuta namba yangu tarakimu moja moja, akaandika yake.

Nilikuwa nastahili.

Chini kabisa kulikuwa na sehemu ya mzazi au mlezi. Mshale wa kompyuta ulisimama hapo muda mrefu. Mwenye steshenari alikohoa, kuna wateja wengine wanasubiri. Mdogo wangu aliuliza bila kugeuka, yeye anayeijua namba ile kuliko ninavyoijua mimi:

"Namba yako bado ni ile ile?"

Nikasema ndiyo. Nikaanza kuitaja, na akaiandika.