Neno la Shukrani Kwenye Majaruba

Nilifika Moshi na vumbi la nusu ya nchi mwilini. Kutoka kwetu Kasulu hadi Kigoma nilikaa juu ya magunia ya maharage, kwenye lori ambalo utingo wake alilisimamisha kwa kuweka jiwe chini ya gurudumu. Kigoma nikaingia treni, daraja la tatu. Tabora, mji niliosomea, sikushuka hata kununua chai, maana niliogopa kukutana na mwalimu aniulize nimekuwa nani. Tukapita Dodoma, Morogoro, Ruvu, kisha Korogwe na Same, na kila kituo nilijiambia kwamba nikikipenda nitashuka papo hapo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Miaka ile watu wa kwetu walikuwa wakihamishiwa vijijini kwa amri. Mimi nilijihamisha mwenyewe.

Wengi husimulia walivyouona mlima siku ya kwanza. Mimi sikuuona. Wiki nzima palikuwa na mawingu tu upande wa kaskazini, nikaanza kudhani kwamba mlima ni majivuno ya watu wa Moshi. Nilichokiona ni miwa. Niliandikwa kazi kwenye shamba la miwa kule chini, nikapewa panga na kitanda katika kota tulimojaa watu wa Kigoma, Singida, Songea na Kondoa. Kwa sababu niliweza kusema mbele za watu bila kutetemeka, kila mkutano wa kitengo chetu ulipoisha nilisukumwa mbele kutoa neno la shukrani. Nilimshukuru mwenyekiti, katibu, mgeni rasmi, wapishi na waliobeba viti. Nilijua mapema kabisa kwamba katika neno la shukrani watu hawasikilizi waliotajwa. Husubiri kusikia nani hakutajwa.

Jumamosi nilikwenda mjini. Sokoni nikamjua binti wa Machame aliyeuza maziwa ya mgando na ndizi za kupika. Alinicheka kwa namna nilivyouliza bei, nami nikarudi Jumamosi iliyofuata ili anicheke tena. Mwaka wa pili tulikubaliana. Baba yake alikuwa amefariki, na aliyeshika kihamba, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi yao, alikuwa kaka yake mkubwa. Kwa hiyo ni kwake nilikopeleka posa.

Mshenga wangu alikuwa mzee mmoja wa Singida niliyelala naye chumba kimoja. Tulibeba mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, kwenye mtungi kwa zamu, kupanda mlima, mbege ikitumwagikia mabegani.

"Ukikataliwa," mzee aliniambia njiani akihema, "mtungi huu utaurudisha wewe peke yako."

Hatukukataliwa mlangoni. Tulikaribishwa, wajomba wakaitwa, mbege ikapokelewa. Kule mlimani pombe ya posa hainywewi bure. Ukiikubali mdomoni, umelikubali neno lililokuja nayo; usipolitaka, unaisukuma kando kwa heshima na wageni wanaondoka nayo. Kaka mtu alikunywa. Wajomba wakanywa. Kata ilizunguka mpaka ulezi wa chini ukaonekana, na mzee wa Singida akanikanyaga mguu kwa furaha.

Ndipo yule kaka akasimama, akafuta masharubu.

"Tumeshukuru kwa pombe," akasema. "Pombe ilikuwa nzuri. Lakini dada yangu hataenda kulala kwenye kota za miwa. Wewe huna kihamba, huna kaburi la baba yako hapa. Wewe ni mtu wa kuja. Mtu wa kuja na arudi alikotoka, na mtungi wake."

Wajomba walicheka. Mmoja alicheka huku bado ana povu mdomoni. Tuliteremka na mtungi mtupu, na mzee wa Singida aliubeba yeye mpaka Moshi. Kabla ya mwaka kwisha binti aliolewa na mwalimu, wakahamia Arusha. Sikumlaumu. Lawama yangu yote nilimtunzia kaka yake, nikaitunza vizuri, kama mtu anavyotunza mbegu isiliwe na wadudu.

Ilikaa hivyo miaka kadhaa. Ukaja ule wakati wa foleni, sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, na sisi tuliokata miwa mchana kutwa tulikunywa uji wa chumvi. Msimu mmoja kitengo chetu kilikata kuliko vingine vyote, tukategemea kupewa sabuni au doti ya khanga. Meneja akatutangazia kwamba tumepewa safari: kutembezwa siku nzima, kuona maporomoko, wanyama wa msituni na majaruba ya mpunga.

"Mimi mpunga nimeuona," akanung'unika mzee wa Singida. "Nataka kuuona ukiwa wali."

Meneja alikuwa na sababu yake. Wageni wa shamba, kutoka Dar es Salaam na nchi za nje, walikuwa wakiomba kutembezwa, na alitaka kumwajiri mtu mmoja wa kudumu awe mwongozaji. Amempata kijana mzuri wa mlimani, alituambia, mwenye kujua njia na majina ya miti. Sisi tungekuwa wageni wake wa majaribio. Jioni tungekutana na meneja mwenyewe kule kwenye majaruba, msemaji wetu atoe neno la shukrani, na kutokana na neno hilo ataamua kama kijana anafaa. Msemaji, bila shaka, ni mimi.

Jumamosi asubuhi lori letu lilisimama kwenye njia panda ya Machame kumchukua mwongozaji. Akapanda mtu mwenye kofia mpya na fimbo iliyochongwa. Mzee wa Singida alinikumba kwa kiwiko.

"Mwamkie shemeji yako," akasema.

Yule kaka alinitambua palepale. Akaihamisha fimbo mkono wa pili. Dereva akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Huyu ndiye msemaji wao. Huyu ndiye wa kumbembeleza leo." Wenzangu wakacheka. Sisi wawili hatukucheka.

Lazima niseme kweli: alikuwa mwongozaji hodari, na hilo lilinichoma zaidi. Alituvusha kwenye mifereji ya mfongo, ile wazee wao waliyoichimba kuteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba, akatueleza jinsi maji yanavyogawanywa kwa zamu. Msituni alituinulia mkono tusimame, akatuonyesha mbega juu ya mti, weusi wenye mabega meupe na mikia kama mafundo ya pamba. Mmoja aliruka kutoka mti hadi mti, manyoya yakipepea. Watu wa Kondoa walishika vinywa. Nami nilishangaa, halafu nikajikasirikia kwa kushangaa mbele yake.

Kila alichotuonyesha kilikuwa kizuri na kila alichotuonyesha kilikuwa cha kwao. Huu mti wetu. Haya maji yetu. Kule ni kwetu. Nilikuwa nimeipenda sehemu ile kuliko alivyojua: baridi yake ya asubuhi, maua ya kahawa yanayofunguka baada ya mvua ya kwanza, sauti ya ng'ombe waliofungiwa ndani wakitafuna majani ya migomba. Ningeweza kuishi pale maisha yangu yote, mimi ambaye sijaishi popote. Yeye ndiye aliyefunga mlango, na sasa alikuwa akitutembeza uani.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona. Ukuta wa jiwe jeusi, maji yanaanguka na kuvunjika, na baridi yake inakuingia kifuani ukiwa bado mbali. Wenzangu walivua viatu wakaingia kwenye bwawa la chini wakipiga kelele kama watoto. Akina mama wa jirani walileta kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye masufuria yaliyofunikwa kwa majani. Nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa kwenye jiwe, peke yangu na mzee wangu.

Yule kaka akaja. Alikuwa amevua kofia. Mikononi alishika jani refu la kijani lililofungwa fundo. Lilikuwa isale, mmea ule wanaoupanda kuzunguka vihamba na juu ya makaburi. Niliishi Moshi muda wa kutosha kujua maana yake. Mtu wa mlimani aliyekukosea akikuletea isale, huwezi kumkatalia. Ndugu waliotishiana mapanga hupatana kwa jani lile. Kulikataa ni kujitafutia laana.

Akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Ndugu," akasema, "ile siku tulikosea. Pombe ya watu tuliinywa na neno lao tukalitupa. Nina watoto, kahawa hailipi tena, kazi hii naihitaji. Nakuomba upokee."

"Ungeniletea mwaka ule," nikamwambia.

"Sikukuletea. Nimekuletea leo."

"Leo kwa sababu mimi ndiye nitakayesema jioni."

Hakukana. Angekana labda ningelainika, maana mtu anayedanganya kwa woga hutia huruma. Alisema tu, "Ndiyo. Na pia kwa sababu tulikosea."

Mzee wa Singida aliweka sahani chini. "Lipokee, kijana," akaninong'oneza. "Jani ni jani. Lipokee, tule."

"Hili jani linamfunga nani?" nikamuuliza yule kaka.

"Linamfunga kila mtu."

"Si kweli. Linawafunga watu wa mlimani. Mimi uliniambia ni mtu wa nani?"

Alinitazama. Akaelewa, nami nikamwona akielewa. Ulikuwa ni utamu ambao sijaupata tena, wala kwa chakula wala kwa mwanamke.

"Ungekuwa umenipa kihamba na kaburi," nikasema, "leo ningekuwa na mila ya kunilazimisha. Lakini mimi ni mtu wa kuja. Mtu wa kuja hana isale. Kula jani lako."

Akina mama waliokuwa wakigawa kiburu walisimama na miko hewani. Yule kaka hakulitupa jani lile, alilitia kifuani ndani ya shati, akavaa kofia, akaenda kuwaambia watu watoke majini, safari bado ndefu.

Tuliteremka mpaka tambarare. Jua lilikuwa limeanza kulala tulipofika kwenye majaruba. Maji yale yale ya mlimani, yakiwa yamechoka na kutulia, yalishuka kutoka jaruba hadi jaruba kama ngazi pana, na mpunga mchanga umesimama ndani yake. Yule kaka alieleza kila kitu kwa sauti ile ile ya asubuhi. Alieleza jinsi tuta linavyopigwa, jinsi ndege wanavyofukuzwa. Alijua kinachomngoja, na bado alifanya kazi yake mpaka mwisho. Nilimchukia kwa hilo pia.

Meneja alifika na gari lake, akasimama kwenye tuta, sisi tukasimama mbele yake.

"Haya, ndugu msemaji," akasema.

Nikatoa neno la shukrani zuri kuliko yote niliyowahi kutoa. Nilimshukuru meneja na shamba. Nilimshukuru dereva kwa kututunza kwenye kona. Niliwashukuru akina mama wa kiburu. Niliwashukuru wachimbaji wa mifereji waliokwisha kufa. Niliwashukuru mbega kwa kutotukimbia, watu wakacheka. Niliwashukuru wakulima wa mpunga. Kisha nikashukuru kwa kusikilizwa, nikarudi mahali pangu.

Kila mtu pale alikuwa amehudhuria mikutano tangu uhuru, kila mtu alijua kuhesabu. Meneja akasafisha koo.

"Na huyu ndugu aliyewaongoza?"

Nikasema, "Nilichokuwa nacho cha kusema nimekisema, ndugu meneja."

Meneja akamtazama yule kaka, akatazama saa yake. Hakuuliza zaidi. Kwenye lori, wakati wa kurudi, hakuna aliyeimba. Kazi alipewa mtu mwingine, kijana wa mjini asiyemtofautisha mbega na nyani.

Habari za jani zilishuka kutoka mlimani haraka kuliko maji. Nilikuwa na mahali pangu pa kunywa mbege, mtaa wa Pasua, kwa mama mmoja wa Machame. Muuzaji wa mbege, kabla hajakupa, huonja kwanza mbele yako, ili ujue kwamba hakuna kitu kibaya ndani. Ni adabu, na ni amani. Jumamosi iliyofuata aliijaza kata, akaiweka mbele yangu bila kuigusa kwa midomo, akaenda kuwahudumia wengine. Wao aliwaonjea.

"Mama, umesahau," nikamwambia.

"Sijasahau, baba," akanijibu kwa upole. "Wewe si ulisema mila zetu hazikuhusu?"

Sikuinywa. Wala hakuna mwingine aliyenionjea, si Pasua wala kule juu, na wauza ndizi sokoni waliniuzia bila kunitazama. Mzee wa Singida alisema yatapita. "Yatapita au utapita wewe," akaongeza, "moja kati ya hayo." Nilivumilia mpaka mwisho wa msimu. Kisha nikafunga begi.

Nilipanda basi la Arusha, nikiwa na nia ya kuendelea mbele hadi Mwanza, au popote. Kwenye njia panda ya Machame likasimama kupakia mikungu ya ndizi. Aliyekuwa akiipandisha kwa utingo kule juu alikuwa yeye. Shati lake lilikuwa jeusi kwa utomvu, na kofia ile mpya haikuwapo. Akaniona dirishani.

"Unaondoka?" akauliza.

"Naondoka."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Nilingoja aseme lingine. Nilikuwa nimeandaa jibu kali kwa lolote ambalo angesema, la kuomba au la kutukana, na mpaka leo ninalo. Alipandisha mkungu wa mwisho, akajifuta viganja kwenye suruali, akalipiga bati la basi kumwashiria dereva aondoke, na dereva akaondoka.