Springi za Mtu Mmoja

Mimi nilikuwa mjinga wa kutupwa, na nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunihurumia. Nilikuwa na gari dogo, la kwendea kazini kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kilifi. Jumanne na Ijumaa nililitumia kumfuata mama kule ndani, upande wa Ganze, nimlete hospitali akasafishwe damu kwa mashine. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Daktari alituambia bila kuzunguka: akikosa mashine, haishi. Gari lile ndilo lililokuwa likimweka mama duniani, na nilijua.

Nami nikaamua kulishusha.

Sababu? Urembo tu. Jumapili jioni wenye magari tulikuwa tukikutana Mnarani, tukiyapanga safu na kuchekana. Yao yalikuwa yamelala chini, yamependeza. Langu lilisimama juujuu kama kuku aliyenyeshewa. "Hilo ni gari au ngazi?" mmoja aliniuliza, na wote wakaangua kicheko. Wallahi roho iliniuma. Mtu mzima, sina mke, sina mtoto, nilichokuwa nacho cha kujivunia ni hilo gari.

Fundi aliyesifiwa kwa springi alikuwa Malindi, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Alikuwa na utaratibu wake. Hakupima gari tupu. Alimtaka mwenye gari aje na wote anaowapakia siku zote, kila mtu akae mahali pake, ndipo achutame na kupima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya tairi na madigadi. Watu walimcheka kwa hilo. Mimi pia nilimcheka, nikaenda peke yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Wenzio wako wapi?"

Aliniwekea springi za aina tatu juu ya meza. Za kwanza zilishusha gari kidogo tu, na ulaini ukabaki. Za pili zilikuwa za kati na kati. Za tatu zilikuwa fupi, waya wake mnene, ngumu kama jiwe. Mkono wangu ulikwenda kwa hizo hizo.

"Hizo ni za mtu mmoja," alisema. "Ukimpakia mtu nyuma atarushwa, na tumbo la gari litakwaruza chini. Humu hupanda nani na nani?"

Nilijua nikimtaja mama atazirudisha kabatini. "Napanda peke yangu."

Alichungulia ndani. Kwenye kiti cha nyuma ulikuwepo mto mdogo wa mama, aliouegemea akirudi hospitali hana nguvu. Mzee aliutazama, kisha akanitazama mimi.

"Peke yako?"

"Peke yangu, mzee."

Akazifunga. Zile za zamani akanitilia kwenye gunia, akaniambia nisizitupe. Jumapili hiyo, pale Mnarani, hakuna aliyecheka. Nilivimba kichwa, nikalizunguka gari langu mara tatu nzima.

Jumanne nikaenda kumfuata mama. Lami inaishia mbali na kwetu, na kilichobaki ni njia ya vumbi na mawe, yenye mgongo katikati na kijito kikavu cha kuvuka. Kila shimo lilipiga kiti cha nyuma teke. Mama alikuwa ameushikilia mlango kwa mikono yote miwili. Tulipofika kijitoni tumbo la gari likagonga, nikamwambia, "Mama, hebu shuka kidogo nivushe." Akashuka. Mgonjwa yule, miguu imevimba, akavuka mawe kwa miguu yake huku dada yangu anayeishi naye amemshika kwapa. Gari tupu likapita vizuri. Nikafurahi, Mungu anisamehe, kwamba halikukwaruzika.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Tukifika kijitoni, mama alishuka bila kuambiwa.

Siku moja ya Jumanne akaniambia kwa simu, "Leo sijisikii kwenda, mwanangu. Tutakwenda Ijumaa." Ijumaa akasema amepata nafuu, nisipoteze siku yangu ya kazi. Nami nikajitia kuamini. Nafuu gani, jamani, kwa mtu asiye na figo? Lakini niliamini kwa sababu iliniondolea ile njia.

Jumapili asubuhi dada akapiga simu, sauti yake imewaka. "Mama haogopi mashine. Anaogopa gari lako. Akirudi analala siku mbili, mbavu zote zauma. Alinikataza nisikwambie kwa sababu unalipenda. Sasa amevimba mpaka uso, pumzi hapati. Njoo!"

Nilikwenda mbio. Tukamlaza nyuma, kichwa mapajani kwa dada, mto chini ya kiuno. Tulipofika kijitoni gari likagonga, likakwama. Safari hii mama hakuweza kushuka. Nililia pale, nikalipiga gari mateke na kulitukana kana kwamba lilijishusha lenyewe. Wanaume waliokuwa wakipakia makaa karibu wakaja, wakalinyanyua naye akiwa ndani. Alikuwa akinitazama dirishani. "Pole, mwanangu," aliniambia. Pole, mimi! Tulifika hospitali akiwa bado anahema, lakini kabla hawajamfunga kwenye mashine alikuwa ameshakata roho.

Baada ya matanga dada aliacha kupanda gari langu. Hakunigombeza, alichukua bodaboda tu. Mimi Mnarani sikurudi tena.

Nikachukua lile gunia, nikaenda Malindi. Nilitaka zile springi ndefu zirudi, sijui kwa ajili ya nani. Mzee hakunikumbuka, au alifanya kama hanikumbuki. Aliinama, akapapasa nafasi juu ya tairi, akachungulia kiti cha nyuma. Mto haukuwepo, tulimzika nao.

"Humu hupanda nani na nani?"

"Napanda peke yangu, mzee."

Akajifuta mikono kwa kitambaa, akanirudishia gunia langu.

"Basi usijisumbue, baba. Hizi ulizo nazo ndizo zako."