Deraya Mbili za Mama Chuma

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa maigizo, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anapitisha hewa ya moto ya kikausha nywele juu ya kipande cha sponji ngumu. Sponji inalegea. Anaikandamiza juu ya goti lake, anaishikilia mpaka ipoe, kisha anaiachia. Imepinda kama bega la mtu.

Anakigeuza kipande hicho mara mbili, halafu anakiweka chini. Hana hakika kitavaliwa.

Waigizaji humwita Mama Chuma, ingawa katika miaka kumi na tisa ya kutengeneza mavazi ya jukwaani hajawahi kufua chuma. Deraya zake, yaani mavazi ya vita yanayokinga kifua na mabega, hutokana na mikeka ya sponji ya kufanyia mazoezi, gundi, na rangi ya fedha inayopakwa mara nne. Moja humchukua siku tisa.

Mchezo mpya wa kikundi chake unahitaji askari kumi na wawili. Mwongozaji, ambaye ni mdogo wa mumewe, alihesabu siku zilizobaki akaona hazitoshi. Akapendekeza zinunuliwe seti za plastiki zilizo tayari, zinazokuja ndani ya boksi pamoja na karatasi ya maelekezo, na kuunganishwa kwa saa mbili. Zikikubalika, Mama Chuma atakuwa amepoteza kazi yake kubwa kuliko zote za mwaka.

Ili kuepuka lawama za kifamilia, walikubaliana kufanya jaribio. Iliagizwa seti moja, naye akatengeneza deraya moja. Waigizaji wawili wangezivaa jukwaani, na kamati ya watu watano ingezitazama kutoka viti vya nyuma kabisa.

Kazi ya kuunganisha ile seti alipewa yeye, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeiweza. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuvurugika.

Mwigizaji aitwaye Mrefu aliijaribu seti akalalamika kwamba inamkaba kwapani. Mama Chuma akapunguza kidogo. Kesho yake Mrefu akasema hawezi kupiga magoti, na askari wa mchezo huo humpigia malkia magoti mara tatu. Akaikata plastiki kiunoni, akaiunga kwa sponji yake. Mikanda ya begani ikakatika, akaweka ya kwake. Mng'ao wa plastiki ulimkera, naye akaufunika kwa rangi yake ileile, mara nne.

"Mikono ilikuwa inajiendea tu," anasema. "Mtu akiniambia nguo inambana, siulizi ni kazi ya nani. Nachukua mkasi."

Alitambua alichokifanya baada ya kura kupigwa. Wajumbe wanne kati ya watano waliichagua deraya ya Mrefu. Shemeji yake alipanda jukwaani akicheka.

"Shemeji, usinune. Boksi limekushinda."

"Boksi lipi?"

"Si hilo alilovaa Mrefu?"

Anaeleza kwamba kila jibu aliloliwaza lilikuwa na mtego. Angesema kilichoshinda ni kazi yake, wangemuuliza kilichoshindwa ni cha nani; nacho kilikuwa chake. Angenyamaza, yangeagizwa maboksi mengine kumi na moja, na kila moja lingemkaba mtu kwapani.

Nyumbani, mumewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama ameshinda au ameshindwa, ili ajue ampe hongera au pole. Mwishowe akampa chai.

Jana alimweleza shemeji yake yote. Mwongozaji huyo aliizunguka deraya, akaigonga kwa kidole hapa na pale, akashindwa kutambua plastiki inaishia wapi.

"Sasa, Shemeji, nikinunua, hapa nanunua nini?"

"Ndilo ninalojiuliza na mimi," akamjibu. "Kifua cha boksi kimekaa vizuri kuliko changu, lazima niseme ukweli. Ila askari si kifua tu."

Kamati itakutana tena keshokutwa. Mwongozaji ameahidi kuwaeleza wajumbe mambo yalivyokuwa, lakini kura, anasema, ni kura.

Mama Chuma amekwisha kuchora violezo vya mabega na viuno vya askari wote. Amewapima wakiwa wamepiga magoti, mmoja baada ya mwingine, huku wakitaniana kwamba malkia halisi wa mchezo ni yeye. Vipande vitakavyokatwa kwa violezo hivyo vitashika plastiki au sponji, vyovyote itakavyoamuliwa.

Mpango wake ni kuingia kikaoni na ombi moja. Karatasi ya kura ina nafasi mbili: kununua na kutengeneza. Anataka waongeze ya tatu, kwa deraya kama ile ya Mrefu, walipe kazi hiyo kama kazi, na wampe yeye.

"Nafasi yenyewe nimeshaichora," anasema, akionyesha, kwenye nakala yake ya karatasi hiyo, mstari mnyoofu alioupiga kwa rula chini ya ile miwili. "Tangu jana nimeshika kalamu. Sijui niandike nini juu yake."